Amri ya Okoa

Ofisi yetu iko Jabe, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na umeme ukikatika hatuulizani kitu. Lile sanduku la betri lililo chini ya meza ya seva, ambalo sote tunaliita onduleur kama Wafaransa, huanza kulia. Kila mtu huandika neno moja kwenye mashini yake, yaani kompyuta: okoa. Mistari inapita, mtu anafunga, halafu anakwenda dirishani kutazama kama ni mtaa mzima au ni sisi tu tuliopatwa. Betri za mashini za ofisi zilikufa zamani, zinaishi kwa waya, na onduleur yenyewe haina subira. Kwa hiyo lile neno moja tulilipenda kama mtu anavyopenda mwavuli wake.

Asiyeijua kazi hii nimweleze kidogo. Tunatengeneza programu za zahanati na maduka ya dawa: mtoto yupi aletwe kwa chanjo lini, dawa ipi inakaribia kuharibika. Tunachoandika kinatunzwa na chombo kinachoitwa git, kinachokumbuka kila badiliko na jina la aliyelifanya. Kazi ina shina na matawi. Shina ni la wote, ndilo linalopelekwa kwa wateja. Tawi ni la mtu binafsi: unachipua lako, unaharibu humo utakavyo, na ukimaliza mkubwa anakagua, kisha linaungwa kwenye shina. Amri za git ni ndefu na zina masharti mengi, ndiyo maana watu hujitungia njia za mkato. Sisi zetu zilikuwa na majina ya Kiswahili na Kirundi, na zote zilitungwa na mtu mmoja, mkubwa wetu.

Alikuwa ni mtu wa Gihosha, shati jeupe kila siku ya Mungu, kalamu mbili mfukoni ambazo sikuwahi kumwona akiziandikia. Nusu ya wanaofanya kazi hii mjini wamepita mikononi mwake. Hakuwa mkali. Alikuwa na ile sauti ya chini ya watu waliozoea kutopingwa, na kwa kweli hakuna aliyempinga, kwa sababu mara nyingi alikuwa na haki. Mwenye ofisi, tuliyemwita patroni, alikaa chumba cha ndani nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, na katika mambo ya kitaalamu alisema kile mkubwa alichokwisha kusema, ila kwa Kifaransa.

Wa tatu alikuwa dada mmoja wa rika langu aliyetokea Ruziba kila asubuhi. Meza yake iligusana na yangu. Ndiye aliyenionyesha choo kipo wapi, ndiye aliyeniambia patroni hapendi kuulizwa kitu kabla ya kahawa yake. Nilimpenda kuanzia wiki ya kwanza. Mimi ni binti wa Buyenzi, nimekulia kwenye kelele za gereji na adhana, na mdomo wangu umeshaniponza mara nyingi. Yeye alikuwa mtulivu, anapima neno kabla ya kulitoa. Nilidhani nitajifunza kwake.

Nilikuwa katika miezi ya majaribio. Siku ya kwanza patroni aliniambia sheria moja tu, akiwa amesimama mlangoni: kwenye shina hakuna kulazimisha. Maana yake, usitume kitu kwa nguvu kikafunika kazi za wenzako. Anayelazimisha anakwenda nyumbani, hata awe nani. Nikasema nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa.

Kulikuwa na sheria nyingine isiyotamkwa. Pale hakuna anayegusa kibao cha herufi cha mwenzake. Inasemekana zamani mtu aliandika jambo kwenye mashini ya mwingine, likaharibika, wakagombana mpaka mmoja akaondoka. Tangu hapo mtu akitaka kukusaidia anasimama nyuma yako, mikono mgongoni, na anakuelekeza kwa mdomo kama anayemwelekeza dereva kurudi nyuma. Mimi niliona ni adabu nzuri. Mkubwa aliponipa zile njia za mkato alinipa kwenye flash, nikazinakili mwenyewe, yeye akiwa amesimama nyuma yangu akinong'ona niziweke wapi. Nilijisikia nimekaribishwa nyumbani.

Sasa, ile okoa. Ilikuwa inakusanya kila ulichonacho, kizima na kibovu, na kukituma kwenye seva kwa nguvu, ikifunika kilichokuwepo. Kwenye tawi lako hakuna ubaya, unajifunika mwenyewe. Kwenye shina ni msiba. Kwa hiyo mkubwa aliweka mlinzi mwanzoni mwa amri. Mlinzi anauliza: huyu yuko kwenye shina? Kama ndiyo, anakataa kwa maneno ya kuchekesha kidogo, "Hapa si kwako, rudi kwenye tawi." Kama hapana, anaendelea. Kwa miaka, mlinzi huyo alikuwa amewazuia wote pale, mkubwa mwenyewe akiwemo, na walimsifu.

Siku yenyewe nilikuwa nimevuta kazi mpya asubuhi nikiwa kwenye shina, nikaanza kuandika na kusahau kuchipua tawi. Kosa la kawaida; ndilo hasa mlinzi aliwekewa. Wenzangu waliunga kazi zao kwenye shina kabla ya saa sita. Mara onduleur ikalia. Nikaandika okoa kama wote. Ikaja mistari kadhaa, wa kwanza ukilalamika kwamba mabano mawili ya mraba hayajulikani. Sikuwahi kuuona mstari ule, kwa sababu siku zote nilikuwa nikifunga bila kusoma; nikajisemea, hii nini. Nikawaza, nimesahau tawi, basi huyo ni mlinzi ananikataza kwa lugha yake. Nikashukuru, nikafunga dirisha lile, nikatoka kwenda kununua maji.

Umeme uliporudi, shina lilikuwa na kazi yangu ya nusu na halikuwa na kazi ya mtu mwingine yeyote. Na seva, kwa uaminifu wake, iliandika aliyelazimisha ni nani. Ni mimi.

Kazi yenyewe haikupotea. Mkubwa alikuwa na nakala, akairudisha kabla ya jioni. Ningekuwa nimeponea hapo kama lingekuwa suala la kazi. Lakini mkubwa alivuta kiti karibu na meza yangu na kuniuliza, kwa sauti ile ya chini, kwa nini niliandika amri ndefu kwa mkono.

"Sikuandika amri ndefu, mukubwa. Mi niliandika okoa tu."

"Okoa haiwezi kupita pale. Mi ndiye niliitengeneza."

"Imepita. Kulikuwa mustari moja inasema mabano haijulikane."

"Mabano gani?" Akamgeukia yule dada. "We, simama kwa shina, andika okoa."

Dada akaandika. Tukasikia kicheko kidogo cha patroni aliyekuwa amesimama mlangoni, maana yale maneno yalitokea kwa rangi nyekundu: hapa si kwako, rudi kwenye tawi. Mkubwa akaandika na kwake. Ikakataa vilevile.

"Unaona," akaniambia. "Sisi wote tuko na fichier moja ya njia za mkato. Ao mashini yako ilifanya mutima yake yenyewe?"

"Mukuje muone kwa mashini yangu," nikasema.

"Kuona nini? Ni ile ile nilikupa."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilisema maneno mengi, na kadiri nilivyozidi kuyasema ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, hata mimi nilijisikia hivyo. Mtu anayesema kweli peke yake anatoa jasho sawasawa na anayedanganya. Patroni aliningoja nimalize. Kisha akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba kukosea si neno, lakini kukosea na kisha kusingizia chombo ni tabia, na tabia yeye hafundishi. Nimalize juma lile, tuachane vizuri.

Kazi nyingine ningetafuta. Lakini mji wetu ni mdogo, na watu wa kazi hii wanajuana wote kwa sura na kwa simu. Nikitoka pale na jina la mwongo, jina lingenitangulia kwenye kila mlango na kukaa kabla yangu. Hilo ndilo nililoogopa. Na chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, cha kitoto labda: nilitaka tu mtu mmoja aseme, nakuamini.

Nyumbani sikusema kitu. Nilikula, nikaosha vyombo, mama akaniuliza mbona leo sahani zinapigwa hivi. Nikasema nimechoka.

Ukikulia kati ya magereji ya Buyenzi kuna jambo moja unalijua kabla hujajua kusoma: gari haijadiliwi ikiwa haipo. Mwenye gari anaweza kukaa saa nzima akisimulia mlio unaotoka mbele upande wa kulia, fundi anatikisa kichwa, na hakuna linalotengenezwa mpaka gari iletwe ilie yenyewe. Asubuhi iliyofuata, kabla wengine hawajafika, nilikaa na mashini yangu nikajenga mradi wa uongo. Faili moja tu, ndani yake nikaandika majina ya samaki: mukeke, ndagala, sangala. Nikatengeneza folda ijifanye seva. Nikasimama kwenye shina, nikaandika okoa.

Ikapita. Mstari uleule ukatokea, mabano hayajulikani, na chini yake kazi ikatumwa kwa nguvu bila aibu yoyote. Nikafuta, nikarudia, ikapita tena. Sikuwa mwongo. Inashangaza jinsi nilivyohitaji kujihakikishia, lakini ukiambiwa sana kwamba hukuona ulichoona, unaanza kuwa na shaka na macho yako.

Nilitumia asubuhi hiyo kutafuta sababu, nikijitia hamnazo kila mkubwa alipopita. Sababu yenyewe ni ndogo. Ile skrini nyeusi tunayoandikia amri ina mkalimani nyuma yake, anayesoma unachoandika na kukitekeleza. Wapo wengi, na kila mmoja ana lugha yake, karibu sawa lakini si sawa. Njia za mkato za git hazisomwi na yule unayezungumza naye kila siku. Zinapelekwa kwa mwingine wa ndani, ambaye kwenye kila mashini anajulikana kwa cheo kimoja, sh. Cheo ni kimoja, anayekikalia si mmoja. Mashini za ofisi zilinunuliwa pamoja na mkubwa akaziandaa yeye, na kwenye zote cheo hicho alikikalia bash, mwenye maneno mengi. Yangu nilikuja nayo kutoka nyumbani, niliinunua ikiwa imeshatumika, nikaiandaa mwenyewe. Kwangu alikaa dash. Huyo ni mwepesi na mkavu, na mabano mawili ya mraba hayajui.

Mlinzi wa mkubwa aliuliza swali lake kwa mabano mawili. Dash hakulielewa swali. Na kwa jinsi amri ilivyoandikwa, kutoelewa kulihesabiwa kuwa jibu la hapana. Huyu yuko kwenye shina? Hapana. Basi apite.

Nilicheka peke yangu nilipofika hapo, kicheko kibaya. Maana ndivyo walivyonifanyia na mimi. Hawakuelewa lililotokea, wakalihesabu kuwa ni uongo, wakaendelea na kazi.

Baada ya chakula cha mchana nilichomoa waya, nikaibeba mashini yangu kwa mikono miwili, nikavuka chumba, nikaiweka juu ya meza ya mkubwa, mbele ya mashini yake. Dada aliacha kuandika. Nilikuwa nimevunja adabu za pale zote kwa mpigo mmoja, na nilijua.

"Mukubwa, naomba uandike okoa. Ni mradi ya mchezo, haina kitu. Iko kwa shina, angalia mwenyewe."

"Si kibao yangu hii."

"Najua. Mi ndiye naomba."

Sikuiondoa mashini, wala sikurudi nyuma. Nadhani ilikuwa ni huko kusimama pale, wala si hoja, kulikomfanya aweke mikono yake mahali ambapo hakuwa ameiweka kwa miaka. Akahakikisha kwanza kwamba yuko kwenye shina. Akahakikisha faili ya njia za mkato ni yake, neno kwa neno. Kisha akaandika, herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama mtu anayejaribu maji.

Ikapita.

Akausoma ule mstari wa mabano. Akafungua amri yake, akaitazama kwa muda mrefu, midomo ikisogea. Sikumweleza kitu. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima juu ya bash na dash, lakini mwenye macho haambiwi tazama, na yeye alikuwa ameshaelewa kabla sijavuta pumzi.

"Ninyi wote mulikuwa na bash," akasema, akijiambia. "Mi ndiye niliwapa bash. Ingekataa namna gani?" Halafu akanigeukia. "Ulisema kweli."

Nilingoja furaha ije. Badala yake ilikuja hasira, mbichi kuliko ya jana yake, na machozi pamoja nayo, nikageuza uso. Yeye aliinuka akaenda kwa patroni. Ule ukuta wa mbao haufichi kitu. Nilimsikia akisema kwa Kirundi, polepole, kwamba kosa ni lake, la miaka mingi, kwamba yule binti alilikuta tu, na kwamba jana yeye ndiye aliyeshauri nirudishwe nyumbani. Hilo la mwisho sikulijua. Angeweza kulificha na nisingelijua mpaka leo. Kwa hilo ninamheshimu.

Wakatoka wote wawili. Patroni aliniambia nibaki, na kwamba miezi ya majaribio imekwisha, yaani nimeshakuwa mtu wa pale. Alikuwa ameona haya, na mtu akiona haya hutafuta la kusema. Akauliza, bila kumuuliza mtu maalumu:

"Na jana hakuna mutu mwingine aliona ile mustari?"

Hakuna aliyetegemea jibu. Mkubwa alikuwa ameshaanza kurudi kwenye kiti chake.

"Mi niliona," akasema dada.

Alisema akiwa ametazama kibao chake. "Mashini yake iko hapa karibu. Alisema 'hii nini', nikaangalia. Niliona mabano, niliona na ile ya kulazimisha. Aliandika okoa. Hakuandika kitu ingine."

Patroni akamuuliza mbona hakusema.

"Mukubwa alikuwa ameshasema."

Mkubwa alikuwa amesimama katikati ya chumba, na nilimwona akilipokea neno lile. Kosa la amri alikuwa amelibeba vizuri, wima, kama fundi anavyobeba kosa la kazi. Hili lilimshusha mabega. Alisema tu, "Ee," akaketi, na mchana ule mzima hakumsahihisha mtu.

Tuliirekebisha amri pamoja kabla ya kuondoka, mkubwa akiandika, mimi nikiwa nyuma yake na mikono mgongoni. Mabano mawili yakawa bano moja, ambalo kila mkalimani analijua. Halafu nikamwomba tugeuze na swali lenyewe. Lisiulize tena kama mtu yuko kwenye shina. Liulize kama ana hakika yuko kwenye tawi, na jibu lolote lingine, hata la kutoelewa, liwe ni kukataa. Akasema ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Tukaijaribu kwenye mashini zote nne, na kila mtu akamruhusu mwenzake kugusa kibao chake.

Dada alinisubiri chini, kwenye mlango wa duka la vitambaa. Wahenga wangeniambia kikulacho ki nguoni mwako, lakini yeye hakunila. Alinyamaza tu, na hilo sikujua niliwekee jina gani. Tulitembea pamoja mpaka pale njia zetu zinapoachana, kati ya wauza nyanya waliokuwa wakikusanya vitu vyao.

"Unanikasirikia," akasema.

"Ndiyo. Sana."

"Uko na haki." Akabadilisha mkoba bega. "Lakini hata ningesema, wangesikia? Mi na we, mbele ya mukubwa? Niliona haitasaidia kitu. Kazi bado ungeipoteza tu."

"Labda kazi ningeipoteza," nikamwambia. "Lakini mi, ingenisaidia."